Ikikukatalia, Ujue Nimesikia

Mliniacha wiki iliyopita nimekaa sakafuni mbele ya kompyuta, nalia kwa sababu ya printa. Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, nimfupishie kidogo asije akadhani nimerukwa na akili.

Mwanangu wa pekee, tunayemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kujua likizo, anaishi na baba yake katika mji mwingine. Mahakama ndiyo iliyosema hivyo. Baba ana nyumba kubwa, mimi nina vyumba viwili na mama yangu mzee, na hakimu alikuwa hodari wa kuhesabu vyumba. Rufaa yangu bado imelala kwenye kabati la mtu.

Baba mtu alipomchukua akamnyang'anya na simu. "Mtoto anahitaji utulivu," alisema. Tangu siku hiyo sijasikia sauti ya mwanangu.

Lilibaki tundu moja tu. Shuleni kwao wana somo la kompyuta kila Alhamisi. Mitandao ya kuchati imefungwa pale, barua pepe zimefungwa, hata michezo imefungwa. Lakini mtu akiandika namba tupu ya kompyuta fulani, hiyo hakuna aliyekumbuka kuifunga. Nikaamua kompyuta yangu ya nyumbani iwe seva. Ningeandika ukurasa, ningeuweka humo, na Chiriku angeufungua akiwa darasani kwake.

Nikauandika. Nikaujaribu kwa simu yangu nikiwa kitandani, ukafunguka vizuri. Shangazi yake akamkaririsha mtoto namba ya kompyuta yangu. Alhamisi ikafika, Chiriku akaiandika, na kilichofunguka kikawa ukurasa wa printa ya shule, unasema wino umekwisha.

Mtoto akamwendea shangazi yake na macho mekundu. "Mama ndiyo kaniandikia hivyo? Wino umekwisha?"

Hapo ndipo tulipoishia.

Baadhi yenu mmenitumia ujumbe kwamba niende ustawi wa jamii. Nimekwenda, nina jina langu kwenye benchi lao. Wengine mmenishauri nimpenyezee mtoto simu ya siri. Ninyi hamkusoma sehemu ya tatu, yaliyoikuta ile simu kwenye ndoo ya maji. Tuendelee.

Nilimwita fundi wa kampuni ya mtandao, kijana mrefu ambaye mtaa mzima unamwita Antena. Aliinama mlangoni, akaingia, akaitazama kompyuta yangu, akaniuliza namba niliyompa mtoto. Nilipoitaja tu, akajishika kichwa.

"Dada, hiyo ni namba ya ndani."

"Ya ndani ya wapi?"

"Ya ndani ya nyumba yako. Ni kama umwambie mtu, niko chumba cha pili mkono wa kushoto. Kila nyumba ina chumba cha pili mkono wa kushoto. Mtoto kaingia chumba cha pili cha shule yake, kakuta printa."

"Mbona kwenye simu yangu ilifunguka?"

"Kwa sababu na wewe ulikuwa humu humu ndani, dada."

Nikamwambia basi anipe namba yangu ya nje, ya kumpa mtu wa mbali. Antena akacheka kidogo, kicheko cha daktari asiyependa kusema.

"Huna."

"Sina vipi? Mtandao si natumia?"

"Unatumia. Lakini kampuni imewakusanya mtaa mzima nyuma ya namba moja. Mkitoka, mnatoka nayo wote. Mtu wa nje akitaka kuingia kwako, anaishia getini. Geti halijui wewe ni nani."

Hebu fikirini. Nilikuwa nimekesha nikijifunza kuandika kurasa, nimechagua rangi anayoipenda mwanangu, nimeweka picha ya bibi yake akiwa amefumba macho kwa bahati mbaya, picha anayoicheka kila mara. Kumbe vyote hivyo vilikuwa vinasomwa na mimi na kitanda changu.

Kesho yake nikaenda ofisini kwao. Dada wa dawati alikuwa na kucha ndefu na subira fupi.

"Namba yako mwenyewe? Unaitaka ya nini?"

"Nina biashara," nikasema.

"Biashara gani?"

Mimi ni mwajiriwa wa duka la kunakili na kujalidi vitabu. Mdomo ukajitetea wenyewe. "Kunakili."

"Unanakili nini mtandaoni?"

"Chochote mteja anachotaka."

Nadhani akaona sura yangu haistahili kubishana nayo. Akabonyeza mahali fulani. "Haya, umepata. Lakini ya kuazimwa. Ruta yako, hicho kidude kinacholeta mtandao nyumbani, ikizimika ikiwashwa tena, unapewa nyingine, na hii anapewa mtu mwingine. Ya kudumu ni kwa kampuni zilizosajiliwa tu."

Nikasema asante huku nikirudi kinyumenyume, kama mwizi anayeogopa kugeuza mgongo.

Antena akaja tena. Akaingia ndani ya mipangilio ya ruta, akafungua mlango mmoja, akauelekeza kwenye kompyuta yangu. "Sasa toka nje. Zima mtandao wa nyumbani kwenye simu, tumia bando lako. Usijaribu ukiwa humu ndani tena, utajidanganya mara ya pili."

Nikatoka hadi kona ya mtaa, mbele ya saluni. Nikaandika namba mpya. Gurudumu likazunguka, likazunguka, halafu picha ya mama yangu aliyefumba macho ikajaa kwenye kioo cha simu.

Nilipiga ukelele. Kinyozi akatoka mbio na mkasi mkononi, na mteja wake akamfuata amenyolewa upande mmoja. Nikawaambia hakuna kitu, ni mtandao tu. Kinyozi akasema yeye mtandao haujawahi kumpa furaha ya namna hiyo.

Kabla ya kuondoka, Antena alituweka kikao, mimi na mama. Akaifunga ruta kwenye betri ya akiba, umeme wa mtaa ukikatika isizime. Akabandika karatasi ya gundi juu ya swichi.

"Bibi, hiki kidude kisizimwe. Kikizimwa, namba inapotea, na mjukuu wako hatujui atatupata wapi."

Mama yangu ni mtu wa kuchomoa. Zamani radi ilimuunguzia televisheni na pasi kwa pigo moja, na tangu hapo hamwamini mtu yeyote mwenye waya. Lakini siku hiyo aliweka mkono kifuani. "Mwanangu, mimi na hicho kidude hatutajuana. Hata vumbi sitakifuta."

Nikamwamini. Na hadi leo nasema alikuwa mkweli.

Seva ina faili moja linaloandika kila anayebisha hodi. Linaandika muda, na ukurasa alioutaka. Jioni ile ile nikalifungua, nikaona mistari. Mmoja, mitano, kumi na kitu! Watu wamekuja! Nikakimbilia jikoni.

"Mama! Mjukuu wako kaingia! Kaingia mara nyingi!"

Mama akapiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Tukakumbatiana pale kati ya sufuria. Nikampigia Antena kumshukuru.

"Dada, leo siku gani?" akauliza.

"Jumanne."

"Shule yao inafundisha kompyuta Jumanne?"

Nikarudi kuitazama ile mistari.

"Hizo ni mashine, dada. Zinazunguka dunia nzima usiku na mchana zikijaribu vitasa vya milango. Ukifungua mlango tu, zinakuja. Usijali, zikikuta kumefungwa zinapita."

Nikamweleza mama. Akauliza, "Kwa hiyo nimewapigia vigelegele wezi?"

Tulicheka, Mungu ndiye anajua. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka wote wawili.

Shangazi yake Chiriku akapewa namba mpya. Huyu ni wifi yangu wa damu, si ile waifai ya hewani, na katika ukoo ule wote ndiye pekee aliyebaki na moyo. Ni muuguzi. Kaka yake alishamwonya asiwe tarishi kati yetu, kwa hiyo alikuwa akimfuata mtoto getini mwa shule, anambusu, anamnong'oneza namba kama mtu anayemfundisha mtoto dua, anaondoka.

Alhamisi ikafika. Niliomba ruhusa kazini nikakaa mbele ya kompyuta. Mistari ya zile mashine ilikuwa inapita, inapita. Kisha ukatokea mstari mmoja uliotaka ukurasa wangu wa mbele tu, bila kitu kingine, halafu kimya.

Nikauliza kimoyomoyo, ni wewe?

Mstari mwingine ukaja. Huu ulitaka ukurasa unaoitwa hivi: mama-ni-wewe.

Mimi sina ukurasa wa jina hilo. Seva ikamjibu haupo. Lakini kwenye faili langu, jina lile likabaki limeandikwa.

Nilichelewa kuelewa, msinicheke. Mtoto alikuwa hana pa kuandikia. Ukurasa wangu ulikuwa wa kusoma tu, kama bango. Sasa yeye, kwa utundu wake, aliongeza ule mstari wa kuinama (/) mwishoni mwa namba, akaandika maneno yake kana kwamba anaomba ukurasa. Seva ikamkatalia, ila kila ilichomkatalia ilikiandika, na mimi nikakisoma.

Mstari mwingine: mama-ni-mimi-chiriku.

Mwingine: wino-umekwisha-ilikuwa-printa.

Mwingine: bibi-mzima.

Nikaita mama, nikamwonyesha kwa kidole. Mama hajui kusoma vizuri. Nikamsomea. Akashika kiti.

Kila mara mtoto alikuwa anaandika vipande vifupi vifupi, maana mwalimu akipita nyuma yake ilibidi abonyeze haraka. Lakini nikamwonea huruma. Kila alipobonyeza alikuwa anapigwa na ukurasa wa makosa usoni. Angeweza kuchoka, angeweza kudhani nimemfungia mlango. Nikaubadilisha ukurasa wa mbele haraka, nikamwandikia:

"Chiriku wangu. Nasoma kila unachoandika. Mashine itakwambia haipo, haipatikani, itakugombeza. Usiisikilize. Ikikukatalia, ujue nimesikia."

Sekunde chache baadaye: sawa-mama.

Niyasome tena maneno yangu yale? Nimeyasoma vya kutosha. Endeleeni nami.

Tukaishi hivyo, mimi na mwanangu, Alhamisi hadi Alhamisi. Mimi nikiandika ukurasa kwa kirefu, habari za nyumbani, vichekesho vya dukani, mteja aliyejalidiwa kitabu kichwa chini miguu juu. Yeye akinijibu kwa kukataliwa. Jino-limetoka. Nimekuwa-wa-nne. Mwambie-bibi-namwota. Siku moja aliandika: mama-huku-chakula-kizuri-lakini-kimya.

Nililia kwa lile neno kimya kuliko kwa lolote. Chiriku wangu yuko katika nyumba ya kimya.

Nilijipa moyo. Nilisema, rufaa itasikilizwa, mtoto atarudi, mpaka hapo tunao mstari huu. Hata ule uzi wa buibui ukishikwa vizuri unabeba kitu.

Kisha zikaja Alhamisi mbili za ajabu. Ya kwanza: baba-anauza-makochi. Nikafikiri anabadilisha makochi. Ya pili: kitanda-changu-kimeuzwa-nalala-chini. Nikampigia wifi.

"Wifi, kaka yako anafanya nini?"

"Hata mimi haniambii. Ananiona kama nimetumwa. Lakini nitachungulia, usijali."

Ikaja ile Alhamisi ninayowasimulia leo. Nilikuwa nimeshavaa nguo za kukaa nyumbani bosi aliponipigia. Wanafunzi wa chuo walikuwa wameleta tasnifu zao zote siku moja, mashine ya kujalidi ilikuwa imemeza karatasi, na yeye hajui inatapishwaje.

"Bosi, leo Alhamisi."

"Alhamisi zako zimekuwa nyingi kuliko sikukuu za serikali. Njoo, au tafuta mahali pengine penye Alhamisi."

Nikafikiri. Faili linajiandika lenyewe. Hata nisipokuwepo, maneno ya mtoto yatanisubiri. Nikaandika ukurasa mpya haraka, nikamuuliza kuhusu makochi na kitanda, nikamwambia anieleze yote. Nikambusu mama, nikaondoka. Mawingu yalikuwa mazito, ila sikuyatilia maanani. Nani huangalia mawingu akiwa amechelewa kazini?

Dukani nikaitapisha mashine, nikaanza kujalidi. Kila nikipata nafasi nilikuwa naingia kwenye kompyuta ya mezani nafungua ukurasa wangu. Unafunguka. Najalidi mbili, nafungua. Unafunguka. Saa ya somo ikaanza. Nikajua sasa hivi mwanangu ameketi, ameweka mkoba chini ya kiti, anaandika namba yetu. Nikatabasamu peke yangu mbele ya rundo la tasnifu.

Mvua ikashuka. Si mvua ya kunong'ona, mvua ya kugombana. Radi ya kwanza ikapiga, taa za duka zikapepesa. Ya pili ikapiga, wateja wakasogea mbali na dirisha.

Nikafungua ukurasa. Gurudumu likazunguka.

Likazunguka.

Likaandika kwamba ukurasa haupatikani.

Nikafungua tena. Haupatikani. Nikampigia mama. Simu imezimwa, maana mama akisikia radi huzima na simu. Nikampigia tena, kana kwamba simu iliyozimwa inaweza kuona aibu ikajiwasha.

"Unakwenda wapi?" bosi akapaza sauti.

Nilikimbia kwenye ile mvua, kandambili moja ikabaki kwenye tope, sikurudi kuichukua.

Nilimkuta mama amekaa kitandani, mapazia yamefungwa. Kila waya wa nyumba ulikuwa umechomolewa na kukunjwa. Mapajani alikuwa ameipakata ruta, ameifunika kwa shuka kama mtoto mchanga. Betri ya Antena iko miguuni pake, nayo imechomolewa.

Akanitazama kwa fahari.

"Nimeiokoa," akasema. "Radi imepiga hapo hapo kwenye nguzo, moto nimeuona kwa macho yangu. Nikasema, kile cha televisheni kilikuwa changu, hiki ni cha mjukuu wangu. Kikiungua mtoto atasema na nini? Nikabandua gundi, nikakichomoa, nikakifunika. Hakijapata hata maji."

Nilifungua mdomo kumfokea. Niliyafikisha maneno mpaka hapa, kwenye meno. Lakini mikono yake ilikuwa bado imelishikilia lile shuka, na nikaona alikuwa ameogopa sana, na kwamba ameogopa kwa ajili ya Chiriku. Unamfokeaje mtu kama huyo? Nikakaa chini pembeni yake na nguo zangu zinazotiririka maji.

"Nimekosea?" akauliza polepole.

"Hapana, mama."

"Nimekosea."

"Lete nichomeke."

Nikachomeka ruta. Nikachomeka kompyuta. Taa zikawaka moja moja. Nikampigia Antena, akaniambia nimsomee namba ya nje. Nikamsomea.

"Imebadilika, dada. Ile ya zamani imeshakwenda kwa mteja mwingine."

"Irudishe."

"Hairudishwi. Aliyepewa kapewa."

"Antena, mwanangu anaijua ile tu!"

"Najua, dada. Najua. Samahani."

Nikakata. Nikafungua faili la seva, macho yamejaa maji hata herufi zinaogelea. Mistari ya mashine za wezi, mistari ya wezi, kisha yeye.

mama-soma-haraka.

tunahama-kesho-asubuhi.

baba-kasema-nisimwambie-mtu-hata-shangazi.

ni-mbali-hata-shule-hawajui.

usilie-mama-utakuja-kunichukua.

mji-wenyewe-unaitwa.

Baada ya hapo hakuna kitu. Mstari uliofuata ulikuwa wa muda ule nilipochomeka upya, mashine moja ya nchi isiyojulikana inajaribu kitasa.

Nilikitazama kile kimya katikati ya mistari miwili. Humo ndani kulikuwa na jina la mji. Lilikuwa limekuja hadi mlangoni kwetu likakuta mama yangu amelifunika shuka.

Nikapiga simu shuleni. Sauti ya mwanamke ikaniambia hawatoi habari za mwanafunzi kwa mtu asiyekuwa mlezi wake.

"Mimi ni mama yake mzazi!"

"Kwenye fomu zetu mlezi ni baba. Tunasikitika."

Nikampigia wakili wangu. Akasema nimletee jina la mji na anwani, ataomba amri ya zuio mara moja. Bila jina la mji, hajui apeleke ombi mahakama ya wapi. "Mtafute mtoto alipo kwanza," akasema, kana kwamba nilikuwa nimempigia kwa ajili ya jambo jingine.

Nikampigia wifi. Haikupokelewa. Nikakumbuka yuko zamu wodini hadi asubuhi, na wauguzi huko huacha simu kwenye makabati yao. Nikamtumia ujumbe: nenda kwa kaka yako sasa hivi, wanahama, muulize mtoto wanakwenda wapi. Nikamtumia tena. Nikapiga tena. Basi la kwenda mji wao ni la alfajiri tu, lingenifikisha wameshaondoka. Niliipiga ile simu hadi ikanichoka.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Hakuniuliza tena. Chakula alichopika kikapoa, akakifunika, akakaa tena pale pale. Kwetu pakawa kimya kama kwa Chiriku.

Ijumaa asubuhi wifi akapiga. Alikuwa anahema, nyuma yake nasikia magari.

"Wifi! Nimetoka zamu nimeona ujumbe wako, nimekimbia moja kwa moja, hata sare sijavua. Nimewakuta wanatoka!"

"Umemwona? Umemwona Chiriku?"

"Nimemwona! Yuko kiti cha nyuma, kazungukwa na masanduku. Nyumba tupu, wifi, hata taa wameng'oa. Nimepiga kioo, kaka akataka kuondoa gari, mtoto akashusha kioo kidogo."

"Analia?"

"Halii! Hilo ndilo limenishangaza. Mtoto katulia kabisa, anatabasamu. Nikamwuliza, mnakwenda wapi mwanangu? Akaninong'oneza, 'Shangazi, usihangaike. Mama nimeshamwambia.'"

Nikashika ukingo wa meza.

"Kasema nini tena?"

"Nikamwuliza, una hakika? Akasema, 'Nimeliandika jina la mji, mashine ikanikatalia. Nikaliandika tena, ikanikatalia tena. Kwa hiyo mama kasikia.' Kisha baba yake akapandisha kioo, wakaondoka. Jamani, wifi, moyo wangu ukatulia. Nikasema basi, alhamdulillahi, mama mtu anajua."

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama mdomoni, anasubiri nimwambie ni habari njema au mbaya.

"Sasa tusipoteze muda," wifi akasema. "Nina binamu mwenye gari, anaweza kuwafuata leo leo. Nimeshika kalamu hapa. Nitajie, wifi. Mji gani?"